Kiko cha Yohane

Watu wa milimani wana tabia moja inayochosha: wakiambiwa jambo na mtu aliyevaa sare, wanakubali. Wanakubali upesi, kwa heshima zote, kisha wanakwenda zao kufanya yaleyale. Ndivyo ilivyokuwa kwenye dirisha la wagonjwa wa nje, katika hospitali moja ya Lushoto, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, redio zikihubiri afya asubuhi na jioni. Mzee anafika na kifua kinachopiga mluzi. Tabibu anamsikiliza, anampa chupa ya dawa nyeusi ya kikohozi, anamwambia, "Na tumbaku uache, mzee." Naye anajibu, "Nimeacha, mwanangu." Ameacha! Hajaufikia hata mkaratusi wa getini, kiko kimeshawaka.

Yudith alikuwa muuguzi wa dirisha lile, na dirisha lilitazama mkaratusi, kwa hiyo alikuwa akidanganywa na kuuona uongo papo hapo. Mwanzoni alikasirika. Alikuwa mwepesi wa kukasirika, binti yule, na mkali wa maneno, lakini hakuwa mtu wa kununa bure. Akaanza kutazama vizuri. Akaona kwamba hakuna aliyevuta peke yake. Mmoja anawasha, anamsogezea mwenzake, wanapokezana, wanaongea habari za kabichi na mvua. Aliyekuwa amedhamiria kweli kuacha, mwenzake akimnyooshea msokoto, anaupokea. Atakataaje? Kumkatalia ni kama kumwambia hutaki tena urafiki wake.

Basi akaenda kwa Mganga Mkuu kuomba benchi moja na mchana wa Alhamisi.

"Benchi la nini?"

"La wavutaji."

Mganga Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema achukue lile lililovunjika mguu lililoko stoo, amwombe fundi alipigilie misumari.

Sharti la benchi lilikuwa moja tu: usije peke yako, njoo na yule unayevuta naye. Mnakaa pamoja, mnaacha pamoja, na kila mmoja anakuwa mwenzi wa mwingine. Kiu ikikushika jioni, unakwenda kwa mwenzi wako, mnatafuna tangawizi, mnapiga soga mpaka ipite. Na mwenzi hapachikwi tu, anaulizwa mbele ya watu, naye anajibu kwa sauti, "Nimekubali." "Mwili unasahau," Yudith aliwaambia. "Upeni nafasi tu, utasahau." Na wapo waliosahau kweli. Mzee Mbaraka, mkulima wa kabichi, msemaji asiye na breki, alikuja na shemeji yake wakigombana njia nzima nani kamharibu nani, na wote wawili wakaacha. Mbaraka aliendelea kuja kila Alhamisi hata baada ya kupona, kwa ajili ya kuongea tu.

Halafu akaja mjomba Sefania.

Huyu alikuwa kaka wa mama yake Yudith, mtu wa upande wa Kwai, mzee wa kanisa, mrefu, mpole. Mama yake Yudith alipofariki, Sefania alimchukua binti akiwa hajaota meno ya pili, akamlea kama wa kwake. Siku za mvua alimbeba mgongoni kumpeleka shule ili viatu visilowe. Yudith hakuwa na baba mwingine wala hakumtaka. Sasa alimwona dirishani ameshika ukuta, akivuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwa mrija ulioziba, akaingiwa na hofu.

Daktari alimsikiliza mzee kwa muda mrefu, kisha akamwita Yudith pembeni.

"Yule ni mjomba wako?"

"Ndiye aliyenilea."

"Basi nikwambie bila kuzunguka. Akiacha tumbaku sasa hivi, mtakuwa naye miaka. Asipoacha, masika hayatamkuta."

Yudith aliingia chooni, akalia, akanawa uso, akarudi dirishani. Alhamisi ile ile akamkalisha mjomba wake kwenye benchi. Alikuja peke yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Unajua sharti la hapa. Unavuta na nani?"

Mzee akatazama sakafu. Akatazama mlango. Mbaraka alikuwa mwisho wa benchi, masikio yamesimama. Yudith akamtuma akachote maji kisimani, ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

"Na Yohane," akasema Sefania.

"Yohane yupi?"

"Yohane yupi tena? Mjomba wako Yohane. Mdogo wangu."

 Yohane alikuwa mpasua mbao, mtu wa vichekesho, mwenye kidole kimoja cha shahada kilichokakamaa baada ya kukatwa na msumeno, kikawa hakikunjiki tena. Mti ulimwangukia mwaka wa Uhuru. Walimzika migombani, nyuma ya nyumba, na Yudith mwenyewe alitupa udongo wake.

Sefania alieleza kwa sauti ya chini, kwa kusitasita, maana alikuwa mzee wa kanisa na alijua mchungaji angesema nini. Yohane hakufa pale pale. Walimlaza kivulini, kifua kimepondeka, akamwomba kaka yake amuwashie kiko. Sefania akawa anashindilia tumbaku, mikono ikimtetemeka, na kabla hajawasha, Yohane akakata roho. Kiko kikabaki mkononi kimejaa. Afanye nini? Akimwage? Jioni baada ya maziko alikwenda migombani, akakaa juu ya kigoda, akakivuta kile kiko kwa ajili ya mdogo wake. Na kesho yake akaona si vizuri kumwacha mwenzake na kimoja tu.

"Kila jioni ni viko viwili," akasema. "Cha kwanza changu, cha pili chake. Cha kwangu nimeacha, Yudith. Daktari aliponiambia tu nikaacha, wala sikukitamani. Lakini kile cha pili si changu. Mimi nitakiachaje kitu cha mwenyewe?"

Yudith alimtazama. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumtikisa. Akaona masika yanavyokuja, akaona mzee huyu anavyokwenda kaburini kwa adabu yake mwenyewe, hasira ikampanda mpaka kooni.

"Basi mlete!" akafoka. "Kama kiko ni chake, aje mwenyewe akiache. Mwambie Alhamisi saa nane, benchi hili hili. Mwambie nimemwita mimi!"

Loo! Kuna maneno hayasemwi hovyo milimani. Mtu wa pale akishatajwa jina na kutajiwa siku, ameitwa, awe juu ya ardhi au chini yake. Yudith alilijua hilo tangu utotoni. Shule ya uuguzi ilikuwa imemsahaulisha kidogo tu. Mjomba wake hakucheka wala hakukasirika. Aliinuka taratibu, akachukua kofia yake.

"Nitamwambia," akasema.

Alhamisi iliyofuata ukungu ulishuka mchana. Ulishuka mzito, ukaufunika mkaratusi, ukaingia mpaka barazani, na wagonjwa wakawa wanatokea mmoja mmoja kana kwamba wanachomoka ukutani. Kwenye benchi alikuwa Mbaraka peke yake, akimweleza kila anayepita jinsi wadudu walivyomla kabichi.

Mlango ukafunguliwa. Sefania hakuingia. Aliushika mlango wazi, akajibana kando, akasubiri muda wa kutosha mtu mwingine kupita, ndipo akaingia na kuufunga. Akaja kwenye benchi, akakaa, akaacha nafasi katikati yake na Mbaraka.

"Aa, jamani, mnanibana!" Mbaraka akalalamika, akasogea. Akasogea tena, mpaka nusu ya makalio ikawa hewani. Halafu akageuka kutazama ni nani anayembana hivyo. Akaitazama ile nafasi. Mdomo wake, ambao Alhamisi zote haukuwahi kufungwa, ukafungwa.

Yudith akasimama mbele yao.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Sefania akasubiri. Alimtazama kama mzee anavyomtazama mtoto aliyesahau adabu mbele ya wageni. "Na mwingine?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kuisalimia nafasi tupu ni wendawazimu. Kutomsalimia mjomba wako ni utovu wa adabu, na Yudith alilelewa na Sefania.

"Shikamoo, mjomba Yohane."

Hapakuwa na sauti. Lakini harufu ilikuja, na wote watatu waliisikia: tumbaku ya jani, iliyoanikwa juu ya moto wa jikoni, harufu ya nyumbani kabisa. Hakuna aliyekuwa amewasha kitu.

"Amekuitikia," Sefania akasema.

Yudith akaanza maneno yake ya kila Alhamisi, kwa sababu hakuwa na mengine. Akasema tumbaku inaharibu mapafu. Akasema moshi unaziba njia za hewa. Akasema, "Ukiendelea hivi, mjomba, utakufa," akalisikia neno hilo likitoka kinywani mwake mwenyewe, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mbaraka hakucheka. Mbaraka alikuwa akisoma dua kwa midomo tu.

"Nani awe mwenzi wako?" akamalizia Yudith, sauti imekwisha.

Sefania akainamisha kichwa upande ule, akasikiliza, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayebishana kwa upole. "Anasema mimi sifai. Anasema mimi na yeye tumevuta pamoja mno, tutaharibiana." Akainua macho. "Anakutaka wewe."

Ilikuwa sheria ya benchi, na sheria aliitunga mwenyewe. Angeweza kusema hapana. Alikitazama kifua cha mjomba wake kikipanda na kushuka kwa taabu chini ya koti, akausikia ule mluzi, akayakumbuka masika.

"Nimekubali," akasema.

Benchi likalia, kama linavyolia mtu mzito anapoinuka.

Sefania aliacha. Ndiyo, aliacha kabisa, na aliyekuwa akimpita barabarani alishangaa: mzee amenyooka mgongo, mzee anasimama na watu kuongea bila kushika mti. Daktari alimsikiliza tena, akampigapiga Yudith begani. Mluzi haujaisha, akasema, lakini umepungua. Yudith alifurahi furaha ya kweli, akarudi dirishani akiimba.

Lakini kiu ilikuwa imeshamshika tangu jioni ya siku ile ya benchi.

Hakuwahi kuvuta tumbaku maisha yake. Alikuwa anapeta mchele nje ya chumba chake, jua linazama nyuma ya mlima Magamba, mara kinywa kikamjaa mate machungu. Kifua kikataka kitu. Hakukijua, lakini kilikitaka, kama mtu aliyeamka na kiu na hakuna maji nyumba nzima. Mkono wake wa kulia uliacha ungo, ukajikunja wenyewe, vidole vikashika kitu cha duara ambacho hakikuwepo. Akautikisa. Akaenda kulala bila kula.

Kesho yake saa ile ile ikaja tena. Na kesho kutwa. Yudith akatafuna tangawizi mpaka ulimi ukachubuka. Raheli, muuguzi mwenzake, alimnusa begani siku moja wakikunja mashuka.

"Yudith, umeanza?"

"Nimeanza nini?"

"Usinifanye mjinga. Sare yako inanuka kama dari la jiko la bibi yangu."

Alifua sare, akaianika, ikanuka. Alianza kukwepa watu jioni. Alianza pia kukohoa, kikohozi kikavu, kisha akajizuia, maana alijua kikohozi kile hakikuwa chake. Akajituliza kwa maneno aliyowapa wengine wote: mwili unasahau, upe nafasi, utasahau. Aliyarudia jioni moja akiwa ameshika kizingiti cha mlango, na katikati ya maneno akakwama. Mwili gani? Mwili wa Yohane ulishaoza migombani tangu mwaka wa Uhuru. Mwenye kiu hakuwa na mwili wa kusahau. Wengine wote waliokaa kwenye benchi walikuwa wakisubiri kitu kiishe, na hiki hakikuwa na pa kuishia. Yudith alikaa chini pale pale mlangoni, akaogopa kweli.

Jumamosi jioni alijikuta getini. Hakukumbuka kutembea. Mlinzi alikuwa ameegemea mkaratusi na msokoto wake, na Yudith akanyoosha mkono.

"He! Na wewe sista?" Mlinzi akacheka kwa furaha, akampa. "Si nilijua! Karibu chamani."

Ulikuwa umeshafika mdomoni, unamgusa, moto wake unampasha pua, ndipo alipouona mkono. Alikuwa ameushika msokoto kwa vidole vya chini. Kidole cha shahada kilikuwa kimenyooka mbele, kigumu kama kijiti. Akajaribu kukikunja. Hakikukunjika.

Aliutupa msokoto, akakimbia. Mlinzi alibaki akiutafuta kwenye majani huku akimlaani.

Jumapili baada ya ibada akaenda Kwai kwa miguu. Alichukua na mpira wa daktari wa kusikilizia kifua, kwa ruhusa, apate kumpima mjomba wake akiwa nyumbani. Alimkuta shambani kwenye mteremko, amebeba mkungu wa ndizi, anapanda nao huku anaimba wimbo wa kanisani mstari mzima kwa pumzi moja. Yudith alisimama kwenye kijia akimtazama. Aliona hii ndiyo thamani ya yote, na kama ataibeba kiu ile maisha yake yote, basi na iwe. Kisha jua likashuka, mkono ukajikunja.

Sefania akauona. Akautua mkungu.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Kila siku?"

"Kila jioni. Jana nilikuwa karibu kuvuta, mjomba. Sijui kesho."

Mzee akageuka. Aliingia ndani, akatoka na kiko na kipande cha tumbaku, akaenda zake migombani. Yudith akamfuata. Pale kando ya kaburi palikuwa na vigoda viwili, vimetazamana, na majani makavu ya mgomba yamefagiliwa vizuri. Sefania akakaa kwenye kimoja, akaanza kushindilia.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Nampokea tena mimi mwenyewe. Nilikosea kumleta kwako."

"Utakufa!"

"Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Wewe hata kuolewa bado. Nikuachie mzigo wa ndugu yangu, nikutane na mama yako huko nimwambie nini?"

"Mimi nimekubali! Nilisema mbele ya watu!"

"Na mimi nakwambia umeachishwa."

Akawasha kiberiti. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Alikuwa ameshakata kauli. Yudith alitaka kumpokonya, na wakati huo huo, Mungu amsamehe, alitamani ule moto ukiguse kiko, alitamani kwa kifua kizima, mate yakimjaa. Katika kuvutana huko ndani yake ndipo lilipomjia swali, la kawaida kabisa, ambalo angemuuliza mgonjwa yeyote Alhamisi yoyote.

"Yohane anajua kwamba unaumwa?"

Kiberiti kikasimama hewani.

"Unasemaje?"

"Nilimwambia tumbaku itamuua yeye. Yeye! Nani kamwambia kwamba inakuua wewe?"

Moto ulitambaa kwenye njiti mpaka ukamchoma Sefania vidole. Akaitupa.

"Mimi ni kaka yake," akasema. "Mkubwa anamlilia mdogo? Sikumwambia. Nikitaka kukohoa nilikuwa nageukia kule, ili asinisikie."

"Miaka yote?"

"Asione kwamba ananichosha."

Yudith akapiga magoti kwenye majani makavu. Akafungua mkoba, akatoa ule mpira. Ukungu ulikuwa unaingia migombani kwa chini, ukivifunika vigoda miguu. Akamwambia mjomba wake avue koti na shati, naye akavua, akabaki na mgongo wake mwembamba, mbavu zikihesabika. Yudith akaweka kile kisahani cha baridi mgongoni kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine akazishika zile ncha mbili za masikioni, akazinyoosha juu ya kigoda cha pili, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa.

"Mjomba Yohane," akasema. "Msikilize kaka yako."

Vyuma vya zile ncha vina kamani. Vinajibana, mpaka uvipanue kwa mikono miwili ndipo uviweke masikioni. Yudith alikuwa amevishika kwa vidole viwili tu. Navyo vikapanuka. Vikapanuka polepole, kwa uangalifu, kama afanyavyo mtu asiyewahi kushika kitu kile, vikatulia pale, na uzito ukamtoka mkononi. Akaachia. Havikuanguka.

 Akajilazimisha kutazama mgongo wa mjomba wake.

"Vuta pumzi, mjomba. Ndefu."

Sefania akavuta. Hata bila mpira mluzi ulisikika.

"Toa. Vuta tena."

Akavuta tena. Yudith akasogeza kisahani chini, kulia, kushoto, kama alivyofundishwa, asiruke mahali. Alipofika chini ya bega la kushoto, pale palipokuwa pabaya zaidi, akatulia muda mrefu. Migomba haikutikisika. Ndege walikuwa wamenyamaza. Sefania akashikwa na kikohozi, na kwa mazoea akageuza kichwa upande mwingine.

"Usigeuke," Yudith akamwambia. "Kohoa hapa hapa. Asikie."

Mzee akakohoa. Alikohoa mpaka akajikunja, mpaka machozi yakamtoka, kikohozi cha siku hiyo na vyote alivyovificha, naye Yudith hakukiondoa kisahani. Kilipomwisha, alisema kitu kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, maneno ya kaka kwa mdogo wake ambayo Yudith hakuyarudia kwa mtu yeyote.

Vyuma vikajibana. Mpira ukaanguka juu ya kigoda, ukateleza, ukalala kwenye majani.

Kwenye kifua cha Yudith kitu kikatua, kama mtu anayetuliwa kuni kichwani baada ya njia ndefu. Mkono wake ukakunjuka. Kidole cha shahada kikakunjika, akakikunja na kukikunjua, akakikunja tena, akacheka kwa sauti bila kujijua. Alinusa hewa. Udongo, majani yaliyooza, moshi wa kuni kutoka kwa jirani. Tumbaku hakuna.

"Mjomba! Imeisha! Ameacha! Mjomba, ameacha!"

Sefania alikuwa amekitazama kigoda cha pili. Alinyoosha mkono, akapapasa juu yake, akapapasa pembeni yake, hewani, kama mtu anayetafuta kitu kizani.

"Yohane," akaita.

Akasubiri.

"Yohane?"

Yudith akaacha kucheka.

"Amekwenda," mzee akasema. "Hakuaga. Alikuwa anaaga siku zote." Akaokota shati, akalishika mikononi bila kulivaa. "Yudith, mimi nashukuru. Usidhani sishukuru. Nitayaona masika, na nitamwona mumeo na watoto wako. Lakini tumbaku hata sikuwa naipenda, mwanangu. Tangu ujana ilikuwa inaniwasha koo. Nilikuwa napenda akae."

"Mjomba..."

"Alhamisi nije?"

"Uje, mjomba. Lazima uje."

"Nije na nani?"

Hilo lilikuwa swali la Yudith mwenyewe, la kila Alhamisi. Alimvika shati, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama mtoto. Alipomaliza, Sefania aliegemea bega lake, akaanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, bila haya, akimwita mdogo wake mpaka majirani wa bonde lote wakatoka nje kusikiliza. Alilia muda mrefu, kwa pumzi ndefu, na kikohozi hakikumkatiza hata mara moja.